Ziwa Lisilo na Daftari

Mhadhara uliotolewa Lodwar mbele ya wanafunzi, wahudumu wa maji na wavuvi



Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vipya vya kupima na kuchunguza kilicho chini ya maji. Kwa kawaida mada ya namna hii huzungumzwa Mombasa au Zanzibar, bahari ikiwa dirishani. Nimefurahi kwamba safari hii imeletwa huku bara, kwa kuwa kaunti hii ina maji mengi yaliyojificha. Yapo ya ziwa, upande wetu wa mashariki. Yapo yaliyo chini ya mchanga wa Turkwel, ambayo ndiyo mji huu unayoyanywa. Yapo yaliyo chini ya laga ya Tarach, mto wa msimu, na ndiyo yanayoinywesha Kakuma. Na yapo yale ya uwanda wa Lotikipi, ambayo dunia nzima iliyasikia mwaka 2013 na ambayo nitayarudia kwa kirefu, maana yametufundisha somo kubwa.

Nitasema mapema ninachokiamini ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Turkana imegunduliwa mara nyingi mno. Wamekuja watu wenye kamba za kupimia kina, wakaja wenye mizinga ya hewa, wakaja wenye setilaiti, na kila mmoja aliondoka na jambo jipya la kweli. Tunachokosa ni daftari: vipimo vya kila siku, visivyokatika, vinavyochukuliwa na watu wa hapa na kuwekwa hapa. Chombo cha kisasa kuliko vyote kikija kwa wiki tatu na kuondoka, hakiwezi kufanya kazi ya daftari hilo.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina urefu wa kilomita zipatazo 250, na hakuna ziwa jingine duniani la kudumu lililo jangwani lenye ukubwa huo. Kina chake kwa wastani ni kama mita 30 na kidogo, lakini kusini kuna mahali panapopita mita 100. Hakuna mto unaotoka. Mto Omo, kutoka Ethiopia, huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote. Turkwel na Kerio huongeza sehemu ndogo. Kisha jua na ule upepo wa kusini mashariki mnaoujua huondoa zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka. Kwa hiyo kimo cha ziwa ni hesabu ya mambo mawili: Omo imeleta nini, na jua limechukua nini. Chumvi haina pa kwenda, inabaki. Ndiyo maana maji yake ni ya magadi, yenye takriban gramu 2.5 za chumvi katika kila lita.

Sasa, unajuaje kilichoko chini ya mita 70 za maji ya namna hiyo? Macho hayasaidii. Kaskazini maji yamejaa tope la Omo, na mwanga hauendi mbali. Mawimbi ya redio, yale yanayobeba simu zetu, huzimika mara yanapoingia majini. Kinachosafiri vizuri ndani ya maji ni sauti. Huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mchungaji anayepiga ukelele karibu na mlima na kusikia sauti yake ikirudi anajua, bila kufundishwa na mtu, kama mlima uko karibu au mbali. Sona, chombo cha kupima kwa sauti, hufanya hivyo hivyo, ila kwa saa iliyo sahihi mno: mlio ukishuka kutoka mtumbwini na kurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, umekwenda mita 75 na kurudi mita 75. Basi kina ni mita 75.

Baada ya hapo mambo yanakuwa ya kuchagua sauti. Sauti nyembamba sana, ile isiyosikika na binadamu, hugonga sakafu ya ziwa na kurudi na picha iliyo wazi, lakini haipenyi tope. Hiyo hiyo hurudishwa na samaki, hasa na lile pulizo la hewa lililo tumboni mwa samaki kama sangara. Ndiyo njia iliyotumiwa katika Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kukadiria wingi wa sangara: meli hupita kwa mistari iliyopangwa, chombo huhesabu mwangwi, na wavu huvuliwa hapa na pale kuthibitisha kwamba mwangwi ule kweli ni wa sangara. Sauti nzito hufanya kazi nyingine. Hupenya tope, na kila inapokuta tabaka lililo tofauti, sehemu yake hurudi. Siku hizi viko vyombo vinavyovutwa nyuma ya boti na kutoa mluzi unaoanza kwa sauti nzito na kuishia kwa sauti nyembamba, ili vipate mambo yote mawili: kupenya, na kutofautisha tabaka jembamba na jingine.

Hapa kwetu kazi kubwa ya kwanza ya aina hiyo ilifanywa mwaka 1984. Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilikuwa na mradi ulioitwa PROBE, uliopima maziwa ya Bonde la Ufa kwa mlipuko wa hewa iliyobanwa: Tanganyika, Malawi na Turkana. Mwangwi wake ulionyesha kwamba sakafu ya ziwa letu imekatika vipande vipande, kila kipande kimeinamia upande mmoja, na kwamba mashapo yaliyojaa humo yana unene wa kupimwa kwa kilomita. Mwaka huo huo wa 1984, mwezi wa Agosti, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu pale Nariokotome, karibu na ufuo wa magharibi, na dunia ikampata yule kijana wa miaka milioni moja na nusu. Kila mtoto wa shule hapa anamjua Kijana wa Turkana. Ule mwangwi wa ziwani nadhani hata walimu wengi hawajausikia, ingawa mambo haya mawili ni hadithi moja: ziwa linalopanda na kushuka ndilo lililozika mifupa kwa tope na kutuhifadhia.

Baadaye walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Syracuse na chombo kile cha mluzi, na mwaka 2014 Amy Morrissey na Christopher Scholz wakachapisha walichokipata. Waliona katika tope la ziwa dalili za nyakati ambapo maji yalishuka sana chini ya kimo cha leo, na nyakati nyingine ambapo yalipanda karibu mita 100 juu yake. Fikirini mita 100. Ziwa lilipofika hapo lilifurika kuelekea kaskazini magharibi, likapita katika uwanda wa Lotikipi, likaingia Sobat, na kutoka huko likaenda Nile. Mamba wetu na sangara wetu ni ndugu wa wale wa Misri kwa sababu hiyo. Hali hiyo ilikoma miaka ipatayo 5,000 iliyopita mvua zilipopungua. Vyembe vya mifupa vilivyofukuliwa Lothagam, mbali na maji ya leo, ni vya wavuvi waliokaa kwenye ufuo wa ziwa lile kubwa.

Lakini mwangwi peke yake hausemi tarehe. Ili kujua tabaka fulani ni la lini, lazima ushushe bomba. Naomba wanafunzi walione jambo hili kwa karibu. Boti inatia nanga. Bomba refu la plastiki ngumu au chuma linashushwa wima hadi lizame katika tope, linazibwa juu ili tope lisianguke, kisha linavutwa taratibu. Likifika nchi kavu linapasuliwa kwa urefu, nusu mbili. Ndani yake kuna mistari: mweusi, wa kijivu, mweupe wa chokaa, mwingine mwembamba kama ukucha. Hapa kuna majivu ya volkano, pale kuna magamba madogo ya viumbe vya maji. Mtafiti anachukua chembe ya mkaa au gamba na kuipeleka maabara kujua umri. Mpaka bomba hilo lishuke, picha nzuri ya sona ni dhana. Nawaomba mlishike jambo hili hadi tutakapofika Lotikipi.

Sasa tuseme juu ya waliokuja. Mwaka 1888 wasafiri wa Austria-Hungaria, Teleki na Ludwig von Höhnel, walifika ufuo wa kusini na kulipa ziwa jina la mwana wa mfalme wao, jina lililodumu hadi 1975. Mnamo 1930 na 1931 msafara wa Cambridge ukiongozwa na Worthington ulipima maji na samaki. Mwaka 1934 msafara wa Vivian Fuchs ulipoteza watu wawili, Martin na Dyson, waliovuka kwenda Kisiwa cha Kusini na wasionekane tena. Halafu ukaja uchunguzi ulio mkubwa kuliko wote, wa Hopson na wenzake, kati ya 1972 na 1975. Walikaa Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol, wakapima kina, joto, chumvi, upepo, samaki wa kila aina, kwa misimu mfululizo. Ripoti yao ilitoka 1982, na hadi leo mtu akitaka kusema jambo la maana kuhusu samaki wa Turkana lazima aifungue.

Nisimame kidogo Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa pale kiwanda cha kugandisha samaki. Wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame walihimizwa kuwa wavuvi, na wengi walikubali. Samaki walikuwa wengi kwa sababu ghuba ilikuwa imejaa. Ndiyo mahali ambapo tilapia huzaliana, katika maji ya kina kifupi yaliyofunikwa na ulimi wa mchanga wa Longech. Kisha Omo ikaleta maji kidogo kwa miaka kadhaa, ziwa likashuka, na kabla muongo haujaisha ghuba ilikuwa imekauka. Mitumbwi ilikaa kwenye udongo uliopasuka. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi na msaada ukakoma, lakini samaki walikuwa wamekwisha kuondoka kabla ya mabalozi.

Jambo linaloniuma katika kisa hiki ni kwamba ghuba ile ilikuwa imewahi kufikia karibu kukauka hapo nyuma, miaka ya 1950. Wazee walijua. Kama kungekuwako nguzo ya kupimia kimo, na daftari la miaka thelathini pembeni yake, mhandisi yeyote angeona kwamba anajenga kiwanda juu ya maji yanayokuja na kwenda. Mradi mkubwa uliwekwa juu ya picha ya miaka michache mizuri.

Linganisheni na kwingine. Kimo cha Ziwa Viktoria kimesomwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa sababu ya daftari hilo, maji yalipopanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, watu walijua ni kiasi gani, tangu lini, na ni jambo la nadra kiasi gani. Katika bandari ya Zanzibar kipimo cha kimo cha bahari kimekuwa kikiandika tangu 1984, na leo kikundi cha wataalamu popote duniani kikitaka kujua bahari ya Afrika Mashariki inapanda kwa kasi gani, lazima kipitie Zanzibar. Na huko kwenye bahari kuu, jambo lililobadilisha elimu ya bahari kuliko manowari nyingi za kifahari ni maboya ya Argo. Yapo karibu 4,000. Kila boya huzama hadi mita 2,000, hupanda taratibu likipima joto na chumvi, hutuma habari kwa setilaiti, kisha huzama tena. Na hufanya hivyo kila baada ya siku kumi. Hakuna boya hata moja linalogundua jambo la kutangazwa redioni. Nguvu yao iko katika kurudia. Wakati huo huo ramani ya sakafu ya bahari ya dunia iliyopimwa kwa sona za kisasa imefika takriban robo tu, kwa hiyo tusidhani sisi peke yetu ndio tuliochelewa.

Mtaniuliza: setilaiti je? Si zinatuona? Zinatuona, na tuzishukuru. Tangu 1992, setilaiti ya TOPEX/Poseidon na warithi wake zimekuwa zikipita juu ya Ziwa Turkana kila baada ya siku kumi hivi. Hushusha mapigo ya rada, hupima muda wa kurudi, na kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 1,300 hutoa kimo cha maji kwa kukosea sentimita chache hadi makumi machache. Desemba 2022 Marekani na Ufaransa zilirusha nyingine, SWOT, inayopima kwa upana na siyo mstari mmoja tu, hata inaweza kufuatilia maziwa madogo na mito mipana. Vipimo hivi viko wazi kwenye intaneti, bure. Mwanafunzi wa Lodwar mwenye simu anaweza kuvisoma leo usiku.

Na vimetusaidia kweli. Bwawa la Gibe III la Ethiopia, lililo kwenye Omo na lenye ukuta wa mita 243 kwenda juu, lilianza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016. Setilaiti zilionyesha ziwa likishuka katika kipindi hicho, ambacho pia kilikuwa cha ukame. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikaja na ziwa likapanda hadi watu wa Longech na Kalokol wakahama. Mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likaonya kwamba mafuriko ya namna hiyo yatarudi mara kwa mara zaidi. Katika miaka isiyofika kumi, watu wale wale waliambiwa ziwa lao litakauka, kisha wakaambiwa litawafurikia. Wote waliosema walikuwa na vipimo mkononi. Msichana wa Kalokol aliyezaliwa 2010 amesikia yote mawili kabla ya kumaliza shule, na hana mahali pa kwenda kutazama mwenyewe mstari wa kimo cha maji tangu bibi yake alipokuwa mdogo.

Setilaiti pia ina mipaka. Inaona uso wa maji. Haioni jinsi kina cha ghuba kilivyobadilika baada ya Turkwel kuleta tope, haipimi chumvi ya mita 40 chini, wala haijui miti ya mathenge iliyofunikwa na maji iko wapi, ile inayochana nyavu na kupindua mitumbwi usiku. Hayo yanahitaji mtu majini.

Sasa Lotikipi. Septemba 2013, Serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Turkana kuna hifadhi kubwa za maji. Kazi ilifanywa kwa msaada wa Japani, na mtafutaji alikuwa Alain Gachet, Mfaransa, na kampuni yake ya Radar Technologies International. Njia yake ilikuwa imewahi kutumiwa mashariki mwa Chad, mwaka 2004, kutafutia maji wakimbizi wa Darfur. Hifadhi mbili, ya Lotikipi na ya bonde la Lodwar, zilitobolewa na maji yakapatikana. Idadi zilizotajwa zilikuwa za kutisha: mita za ujazo bilioni 250 zilizohifadhiwa, na bilioni 3.4 zinazoongezeka kila mwaka. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba Kenya imepata maji ya vizazi. Nakumbuka furaha ile, na nadhani kila aliyemo humu anaikumbuka. Kuna wanawake waliokuwa wakichimba mchangani kwa bakuli walioambiwa kwamba kazi hiyo inaisha.

Kisha visima vya majaribio vya Lotikipi vikapimwa vizuri zaidi, na maji yakaonekana yana chumvi kupita kiasi cha kunywewa.

Tutazame kilichotokea, kwa kuwa ni jambo la kujifunza bila kumtupia mtu mawe. Rada ya setilaiti ina uwezo wa ajabu juu ya mchanga mkavu. Mwaka 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Columbia ilionyesha mito ya kale iliyozikwa chini ya mchanga wa Sahara. Lakini kupenya huko ni kwa mita chache. Hakuna rada ya angani inayoona maji yaliyo mamia ya mita chini ya ardhi. Mtaalamu huunganisha picha ya rada na umbo la miamba, nyufa, mwinuko na vipimo vya wengine, kisha hukisia kwa akili mahali ambapo maji yangejikusanya. Makisio ya Gachet yalikuwa mazuri: maji yalikuwako. Swali ambalo rada haiwezi kulijibu ni maji ya namna gani. Uwanda ambao maji huishia humo bila kutoka huachiwa chumvi na jua, jinsi ziwa letu linavyoachiwa. Na kisima kimoja au viwili katika uwanda wa maelfu ya kilomita za mraba vinasema habari za pale pale vilipochimbwa.

Hata vile vipimo vya umeme vinavyofanywa na wanajiolojia wetu kabla ya kuchimba, wale mnaowaona wakipigilia vyuma ardhini na kuvuta nyaya, vinahitaji uangalifu huo huo. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Udongo wa mfinyanzi pia huupitisha vizuri. Grafu inaweza kufanana. Kinachotofautisha ni kisima cha jirani kilichokwisha kupimwa, na hapo tena tunarudi kwenye daftari.

Kwa hiyo kosa la 2013 halikuwa katika kutafuta. Tangazo lilitangulia kipimo. Vyombo hivi vyote, vya majini na vya ardhini, hutupa mwangwi, na mwangwi ni swali zuri linalotuelekeza mahali pa kushusha bomba. Mtu mwenye kiu akipewa swali akaambiwa ni jibu, amedhulumiwa.

Nizungumze na watu wa Kakuma, maana mmesafiri mbali. Kambi ilianza 1992, na leo pamoja na Kalobeyei ni makazi ya watu zaidi ya robo milioni, bila kuhesabu wenyeji. Karibu wote wanategemea visima virefu vilivyochimbwa kandokando ya Tarach. Laga ile hujaa kwa saa chache, hubomoa, hukauka. Lakini katika saa hizo chache ndipo maji huzama mchangani na kujaza hifadhi iliyo chini. Ni kiasi gani kinachozama kwa kila furiko? Ni swali la maisha na kifo, na halihitaji manowari kulijibu.

Linahitaji utepe. Fundi anakaribia kisima, anafungua kifuniko kidogo, anashusha utepe ulioandikwa sentimita, wenye ncha ya chuma. Ncha ikigusa maji, mkondo mdogo wa umeme unakamilika, taa inawaka na mlio unasikika. Anasoma: mita 21 na sentimita 40, tuseme. Anaandika tarehe, saa, na kama pampu ilikuwa inafanya kazi au imezimwa, kwa sababu bila neno hilo la mwisho namba haina maana. Akirudi wiki ijayo na mwezi ujao, namba zinaanza kusema. Baada ya furiko la Tarach maji yamepanda kwa kiasi gani? Baada ya miezi minane bila mvua yameshuka kwa kiasi gani? Siku hizi kuna kipimo kidogo cha mgandamizo, hakizidi urefu wa mkono, kinachoning'inizwa ndani ya kisima na kuandika kimo kila saa kwa miaka kadhaa. Ni teknolojia ile ile inayotumiwa sakafuni mwa bahari kupima mawimbi ya tsunami, katika umbo dogo.

Lakini kuna jambo la kusikitisha ambalo mafundi mnalijua. Visima vingi vimechimbwa bila lile bomba jembamba la kupimia linalokaa pembeni ya bomba la pampu. Bila hilo utepe hujisokota kwenye nyaya, hukwama, na fundi huacha kupima asije akaharibu pampu. Kwa kuokoa pesa kidogo siku ya kuchimba, tunajifumba macho kwa maisha yote ya kisima. Mkataba wowote wa kuchimba kisima Kakuma, Kalobeyei au Lodwar usiotaja bomba la kupimia usitiwe saini.

Hapa Lodwar hali ni nzuri kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na mpango wa REACH wa Oxford, wamechunguza hifadhi iliyo chini ya mji na Turkwel, wameonyesha jinsi mto unavyoilisha na jinsi ubora wa maji unavyotofautiana mtaa kwa mtaa. Tunajua sasa kwamba kinachotokea kwenye bwawa la Turkwel, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa, kinafika kwenye mifereji ya nyumba zetu. Na tunajua habari ya floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Katika kaunti hii visima vingi vinapita hapo, na meno ya watoto yanasema kabla ya maabara. Rada haioni floridi, wala sona haiisikii. Chupa ya sampuli ndiyo inayoiona, ikichukuliwa tena na tena, kwani kisima kilichokuwa kizuri mwezi wa mvua kinaweza kubadilika mwezi wa kiangazi.

Basi naomba mambo yanayowezekana. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo Kalokol. Wenzao wa Mombasa wana meli ya Mtafiti ya kwenda bahari kuu. Sisi hatuhitaji meli. Sona ndogo ya mvuvi, inayofungwa kwenye ubao wa mtumbwi pamoja na kifaa cha kutambua mahali, inaandika kina kila sekunde mtumbwi unapokwenda kutega nyavu. Mitumbwi ishirini ya Longech, Namukuse na Eliye ikifanya hivyo kwa msimu mmoja, tutakuwa na ramani ya Ghuba ya Ferguson iliyo bora kuliko iliyopo popote, na mathenge iliyozama itaonekana ndani yake. Mvuvi alipwe kwa kazi hiyo. Kupima ni kazi, na nimechoka kuona wageni wakilipwa kwa vipimo na wenyeji wakishukuriwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Kila msafara wa utafiti unaokuja ziwani au Lotikipi uache Lodwar nakala ya vipimo vyake vyote, si ripoti ya kurasa nne yenye picha. Ile mistari ya mwangwi ya 1984, matope yaliyopasuliwa, grafu za umeme za visima, hata vipimo vya mitetemo vilivyofanywa na watafutaji wa mafuta kule Lokichar tangu kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012: vyote ni habari za ardhi hii. Chuo chetu hapa mjini kina vijana wanaoweza kuvitunza na kuvisoma. Wapewe.

Na kuhusu Omo. Siku Kenya itakapoketi na Ethiopia kuzungumzia maji ya kuachiliwa kutoka mabwawani, kila upande utaweka mezani namba zake. Wahandisi wa upande wa pili wana vipimo vya kila siku vya bwawa lao. Sisi tutakuwa na setilaiti ya siku kumi, na kumbukumbu za wazee. Kumbukumbu hizo ni za kweli na nimezitegemea mimi mwenyewe, lakini haziandiki sentimita. Panahitajika nguzo yenye kipimo cha mgandamizo upande wa kaskazini. Todonyang ndiko karibu na mdomo wa Omo, ila mpaka ule una mapigano na watu wameuawa pale wakivua. Sitamwomba kijana yeyote akasome nguzo huko kila asubuhi. Lowarengak panafaa: kuna wavuvi, kuna barabara, kuna mtandao wa simu wa kutuma namba. Zinahitajika nguzo ya chuma iliyochomekwa penye kina cha kutosha hata ziwa likishuka mita 4, kipimo kimoja majini, kingine hewani cha kurekebisha mgandamizo wa hewa, paneli ndogo ya sola, na mtu wa kusoma kwa macho na kuandika kwa kalamu ili chombo kikiharibika daftari lisikatike. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia huanza Juni, na maji yake makubwa huingia ziwani kati ya Agosti na Oktoba. Kwa hiyo nguzo ya Lowarengak inatakiwa iwe imesimama kabla ya mwisho wa Julai.